Stika ya Njano

Chuo cha kwanza kinataka A, A na B.
Cha pili kinasema B, B na C zatosha.
Cha tatu hakitaki kitu: njoo tu, Bryony,
hata ukianguka njoo, chumba kipo, na baiskeli ya bure.
Hicho nilikikataa siku ileile.
Anayenitaka bila kuniuliza neno
ananitakia nini?

Mshika mbili moja humponyoka, na hapa kwetu
wameifanya kuwa utaratibu: fomu ina visanduku viwili,
kimoja cha moyo, kimoja cha akiba,
ushike vyote mpaka Alhamisi moja ya Agosti,
saa mbili asubuhi, kimoja kikuponyoke.

Mwalimu Ollerenshaw alichora ngazi ubaoni.
Juu weka kigumu, chini weka chepesi,
ukiteleza udakwe.
Imogen akaandika. Tariq akaandika kwa wino mwekundu.
Sina ugomvi na ngazi.
Ila hakuna aliyeuliza imeegemezwa ukuta gani.

Mama yuko supamaketi. Kila saa moja jioni
huzunguka na mashine yake kiunoni akibandika stika za njano:
mkate nusu bei, maziwa robo bei,
keki ambayo mwenyewe hakuja kuichukua,
imeandikwa Hongera Keith, peni ishirini.
Tulikula hongera za Keith siku tatu.
"Stika haiingii ndani ya mkate," husema,
nami huitikia, huku nikiibandua kwa ukucha
kabla sijaingia na sandwichi shuleni.

Basi nakiri. Ile B, B na C niliiona ya njano.
Nilijiuliza nimechacha wapi.

Chuo cha A, A na B tulikwenda na baba mwezi wa pili.
Jengo la vioo, kahawa ya povu,
kijana wa fulana ya zambarau akitembea kinyumenyume
akitaja tuzo.
Nikauliza kuhusu udongo wa kwetu,
mfinyanzi ulioachwa na barafu, unaomeguka baharini kila dhoruba:
kwa nini unakatika pale na si pale?
Akasema, swali zuri sana.
Akaendelea kurudi nyuma.

Chuo cha pili, mvua, lifti mbovu.
Daktari Pawlak ana tope kwenye mikono ya sweta.
Swali lilelile. Akasema, "Sijui."
Akavuta droo, akatoa bomba la udongo refu kama mkono wangu,
akanilaza nalo mapajani kama mtoto mchanga.
"Huu ni wa kwenu, maili sita tu. Tazama."
Nikatazama. Baba naye akatazama,
yeye asiyependa kutazama kitu asichoweza kukitengeneza.
Tulikosa treni.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi baba hupima
toka karavani namba tisa hadi ukingo wa genge.
Januari, mita kumi na nne. Aprili, kumi na moja na nusu.
Huandika kwa penseli ndani ya mlango wa kabati,
palepale walipokuwa wakinipima kimo:
mimi napanda, nchi inapungua, kabati moja.
"Namba inakwambia ulipo," husema,
akikunja futi yake. Hana la zaidi.

Leo saa kumi na mbili jioni mlango unafungwa.
Walimu wananitabiria A mbili na B, nikilala vizuri.
Nimeweka B, B na C kwenye kisanduku cha moyo.
Na akiba? kompyuta ikauliza.
Akiba iliyo juu kuliko mkono wa mwenyewe
si akiba. Nikaacha wazi.
Nikabonyeza, kisha nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Kesho Ollerenshaw ataniita pembeni,
ataniambia nimejishusha bei.
Jibu sina bado.
Nina sandwichi ya kuku,
nusu bei,
na stika yake.