Pampu Mbili

Sveg, Januari. Baridi ya kukata chuma.
Saab ya Ingegerd imelia tangu alfajiri
kama mtu anayesaga meno usingizini.

Nimemwekea pampu za maji mbili mezani.
Hii imetoka ghala la kiwanda kilichokwisha kufa:
boksi limepauka, nambari bado inasomeka,
grisi imegandia humo tangu mwaka themanini na mbili.
Ile imefika jana kwa posta, inameta,
haijui jina la baba yake.

Kipya kinyemi, namwambia, ingawa kidonda.
Lakini ya asili ni bei mara nne,
na sili yake imezeeka bila kufanya kazi.
Mpira hauheshimu nembo.

Anavua glavu. Anaigusa ya zamani
kwa kidole kimoja, kama anayepima homa.

Marehemu Sixten hakuruhusu feki garini,
hata balbu,
hata skrubu ya kibao cha namba.
Naye miaka sita ya mwisho alitembelea
nyonga ya kuchongwa, iliyotoka Ujerumani;
alipanda nayo ngazi, alicheza nayo dansi,
na hakuna aliyemwita Sixten wa bandia.

"Funga hiyo mpya," anasema.
Boksi kuukuu analilipia vilevile,
analitia kwapani, ndani ya koti.

Tulipoijaribu barabarani
mshale wa joto ulipanda, ukatulia katikati.
Injini ilinguruma sauti ileile,
au jirani yake.
Ingegerd akazima redio
apate kusikia.