Mshiriki Namba 041

Jina lake silitaji.
Tuliafikiana hivyo, ukurasa wa tatu wa fomu ya ridhaa:
yeye akagonga dole gumba, mimi nikatia saini,
na tangu siku ile ni Arobaini na Moja,
mwanamke wa Ipole, wilaya ya Sikonge,
vali moja ya moyo imebadilishwa
huko Dar es Salaam, mwezi wa pili.

Kazi yangu ni ya baadaye.
Waliompasua wana taa kubwa na sifa;
mimi nina pikipiki, mashine ya kupima tone la damu,
na swali la Daktari Sizya, alilolirudia hadi likaota sugu:
wakishashonwa, wakisharudi kwao,
nani anabaki, na amebakije?

Damu ya mwenye vali ya bandia haitaki mzaha.
Ikiwa nzito, mlango unakwama.
Ikiwa nyepesi mno, ufizi tu waweza kuleta msiba.
Tunatafuta tatu, au karibu yake.
Mei alikuwa na tatu kamili. Juni, mbili nukta tisa.
Agosti, moja nukta tisa,
na vidonge anameza, nimevihesabu mwenyewe.
Septemba, moja nukta sita.
Oktoba, simu haipatikani.

Ukipiga mara tatu pasipo jibu
fomu inakuruhusu kuandika: amepotea.
Neno jepesi. Linaingia kisandukuni bila kukunjwa.
Mwaka jana nililiandika kwa Thelathini na Sita,
kijana wa Kaliua, fundi redio,
na nilipofika kwao
kaburi lilikuwa limekwisha kuota nyasi.

Basi nikawasha pikipiki.
Sikonge nikaipita, mabani ya tumbaku nikayapita,
mbung'o wakanisindikiza miomboni
wakinidai damu, nami niliyezoea kuwadai wengine.

Yupo.
Anapepeta karanga uani.
"Simu imezama kisimani," akasema,
kama anayetaja kuku aliyechukuliwa na mwewe.
Nikasogea, nikamsikia kabla sijampima:
tik, tik, tik, nyuma ya kanga.
Mwanawe huiita saa ya mama
na halali mpaka aitegee sikio.
Nikamtoboa kidole. Moja nukta tano.

Mchana tukanawa mikono.
Ugali, na bakuli jeusi linalonukia karanga.
Tonge langu likasimama njiani.
"Hii nini?"
"Nsansa."
"Lakini fomu inasema huli mboga za majani."
Akacheka hadi akashika kovu.
"Mlinikataza majani, nikaacha. Masika nzima sikugusa kisamvu.
Hii imechemshwa, imeanikwa, imekaa kibuyuni tangu Mei.
Hayo ni majani gani? Yalishakufa."

Nikapanda kichuguu kutafuta mtandao.
Daktari Sizya akanyamaza,
halafu nikasikia kalamu.
"Swali la kumi na saba," akasema, "nani aliliandika?"
"Ni wewe, daktari."
"Naam," akasema. "Nililiandika nikiwa nimeshiba."

Hatukumnyima bakuli lake.
Tulimwambia: kiasi kilekile, kila siku,
sisi tutapimia dozi kwenye kijiko chako.
Swali la kumi na saba sasa lina mistari minne,
linauliza mbichi, linauliza kavu, linauliza msimu.
Novemba alifika mbili nukta saba.

Thelathini na Sita naye alishuka mwezi wa nane.
Nimefungua jalada lake mara tano.
Sitasema ilikuwa nsansa;
Daktari ananikataza kusema nisichoweza kuhesabu,
na mama yake sijamuuliza,
maana nitauliza nini, na kwa fomu gani?

Mwisho wa karatasi pana nafasi ndogo,
Maoni ya mkusanya taarifa.
Huwa naiacha tupu.
Siku ile, kwa Arobaini na Moja, niliandika:
anasikika.