Panya Namba Kumi na Tisa

Asubuhi napanda kutoka Kadutu,
matope ya jana bado kisiginoni,
nafungua mlango wa chumba cha panya.
Wananijua kwa harufu ya sabuni.

Kundi la kwanza, maji matupu.
La pili, nikotini, tone kwa tone.
La tatu, nikotini na maji ya lengalenga,
majani niliyochuma mwenyewe nyuma ya choo cha jirani
nikayatwanga kwenye kinu cha mama mkwe,
maana mashine ya daktari iliungua
siku umeme uliporudi kwa hasira.

Sikusoma kemia. Nilisoma mioyo.
Miezi sita naipima kwa mizani ndogo
kama wanawake wa Nyawera wanavyopima chumvi.
Ile ya kundi la pili imevimba,
rangi ya ini lililolala nje;
chini ya darubini nyuzi zimeachana
kama kikapu kilichosahauliwa mvuani.
Moyo wa namba kumi na tisa, wa kundi la tatu,
nyuzi zake zilikuwa zimeshikana.
Si zote.
Nyingi.
Daktari Cirhuza akasema, "Jani limeisugua kutu."
Akaandika. Akapiga mluzi.

Nyumbani Murhula ameketi kwenye ngazi,
sigara ya tatu tangu saa kumi na mbili.
Aliianza Kamituga, shimoni, kuua njaa;
njaa ikafa, sigara ikarithi nyumba.
Usiku naweka sikio kifuani pake:
moyo unagonga, unasita, unagonga,
kama mgeni asiye na hakika kama ndiyo nyumba yenyewe.

"Na wale panya wako?" ananiuliza.
"Majani yameshinda, ama vipi?"

Najua anachotaka kununua kwa swali hilo.
Nikisema ndiyo, atakula lengalenga sahani mbili
na kuvuta pakiti mbili,
mkono mmoja ukipaka kutu, mwingine ukisugua.

Namba kumi na tisa hakuwasha kiberiti.
Hakuwa na ngazi ya kukalia, wala shimo la kukumbuka.
Na tulimpasua
ili tujue kwamba alikuwa anapona.

"Bado tunahesabu," namjibu.
Nampakulia bugali, lengalenga, mawese kidogo,
bila kutaja neno dawa.
Anakula. Anafuta vidole.
Anapapasa mfukoni, kiberiti hakipo,
kiko kwenye fundo la kitenge changu, kimelowa jasho.

Ataenda kuomba moto kwa jirani, najua.
Ni hatua arobaini, za kupanda.
Nitasimama mlangoni
nizihesabu pumzi zake akirudi.