Kupisha

Swabra alipokuja likizo ya Agosti
aliniachia mgeni ndani ya kompyuta.
"Ni programu tu, ami," alisema,
"inapiga hesabu za watu wengine
mashine yako ikiwa haina kazi.
Hutaiona."

Sikuiona. Niliisikia.
Saa nne asubuhi feni ikaanza kuvuma
kama mtu anapepeta mchele chini ya meza,
nami nina kadi mia mbili za arusi ya kina Bwanaheri,
jina la bibi arusi naliandika herufi moja, nangoja,
herufi ya pili, nangoja,
kishale kimeganda kama nzi kwenye asali.
Mteja akachungulia dirishani:
"Mashine yako ina pumu?"

Nikampigia Swabra huko Eldoret.
Nikamwambia, mwanangu, mimi sikatai mgeni.
Hesabu zao, ulisema, ni za dawa ya malaria;
nani Lamu hii hajawahi kutetemeka chini ya mablanketi matatu?
Lakini mgeni hukaa dakani kwanza.
Haendi moja kwa moja jikoni
akapakua kabla ya wenye nyumba.

Akacheka. Kisha akanifundisha, kitufe kwa kitufe,
adabu nilizodhani chuma hakifunziki:
mkono wangu ukigusa kibodi, inyamaze;
nikiondoka dakika tano, irudi;
ichukue nusu ya nguvu, isizidi;
umeme ukikatika tukabaki na betri, isile hata chembe;
bando lisiguswe mchana;
na joto likipanda, isimame, ipumue.

"Na iwe ya mwisho kwenye foleni," akasema, "daima.
Yeyote akija na haja yake, yenyewe ipishe."

Hilo nililielewa kuliko yote.
Kwetu Mkomani kichochoro ni upana wa punda na nusu.
Punda akija na saruji hujadiliani naye;
unajibana ukutani, unavuta tumbo ndani,
chokaa inakuachia alama begani,
anapita, nawe unaendelea na safari yako
bila kusahau ulichotumwa dukani.

Basi tukaishi vizuri.
Nikienda kuswali adhuhuri, inafanya kazi.
Nikirudi nikagusa kipanya, feni inashuka taratibu
kama watoto waliosikia makubadhi ya baba ngazini.
Siku nzima hatukutani.
Jioni, kwa tarakimu ndogo pembeni, huniarifu:
leo, saa sita na dakika kumi na moja.

Juzi mvua ilinifungia dukani, nikalala humo humo.
Usiku wa manane nikaisikia, sauti ya chini, haina haraka,
na mara nikawa na miaka saba,
chumba cha ndani, Langoni,
mama akishona kofia ya viua
kwa mwanga wa koroboi alioukinga kwa kanga upande wetu
usije ukatupiga machoni.
Nikijigeuza, sindano inasimama.
Nikitulia, inaendelea.
Asubuhi kulikuwa na chai, kulikuwa na ada ya shule,
na sisi tukidhani usiku ni wa kulala.

Nani alimwekea mama nusu?
Nani alimwambia, joto likipanda, simama?
Jicho lake la kushoto lilipofifia tulisema ni uzee.
Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Nikawasha skrini. Feni ikanyamaza papo hapo,
kwa adabu, kama aliyefumaniwa.
Nikautafuta ule mstari alionionyesha Swabra,
nikafuta hamsini, nikaandika thelathini.
Kisha nikazima skrini,
nikatoka nikaketi dakani, miguu kwenye matone,
mpaka nikaisikia imeanza tena.