Santuri ya Kuazima

Miaka kumi na mmoja nimeitafuta.
Niliandika barua Mbeya, Ndola, Lubumbashi,
nikajibiwa na watu waliokumbuka gitaa, si jina.
Mmoja aliniimbia kiitikio kwenye simu,
akakwama katikati, akacheka, akakata.

Leo ipo mezani kwangu, Glasgow, ghorofa ya tatu,
mvua ikipiga dirisha bila kufuata mdundo wowote.
Pauni arobaini. Nimemlipa Bi Catriona wa Partick
aliyekuwa akihamisha vyombo vya marehemu baba yake:
mhandisi wa barabara, alikaa Iringa miaka mitano,
akarudi na kigoda, malaria na sanduku hili.
"Hakuwahi kuzicheza," aliniambia. "Mama hakuzipenda."
Nikanyamaza. Mikono ilikuwa ikitetemeka
na sikutaka bei ipande.

Nimeiosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni,
kwa woga, kama unavyomwogesha mtoto wa mwenzio,
nikaifuta kwa kitambaa cha miwani.
Sindano imeshuka. Kwanza vumbi tu, linachachatika
kama vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani,
halafu gitaa la kwanza linabisha hodi,
la pili linalikaribisha,
na besi inaingia bila kuvua viatu.

Kompyuta haina habari.
Msanii? Naandika: Bendi ya Reli Ndogo.
Mwaka? Naandika sabini na tatu, nafuta,
naandika sabini na nne, nafuta,
naacha wazi, pengo la jino.
Aina? Inanipa orodha: roki, jazi, muziki wa ulimwengu.
Ulimwengu! Kana kwamba hizo nyingine zilipigwa mwezini.
Naandika: dansi. Inakataa. Nasisitiza. Inameza.

Wimbo wa tatu, upande wa pili, una mkwaruzo.
Kila mzunguko, tak.
Programu inajitolea kuuondoa, kitufe kimoja tu.
Nilijaribu. Tak ikaenda,
ikaenda na pumzi ya mpiga tarumbeta,
ile anayoivuta kabla hajaanza.
Nikarudisha vyote viwili.

Wakati wa kupiga picha jalada ndipo nilipoona,
nyuma, pembeni, kwa wino wa buluu uliofifia:
Bw. Farquhar, sikiliza kwa raha zako,
ila Jumamosi nirudishie. Naoa. Eliasa.

Jumamosi.

Nimekaa na neno hilo hadi chai ikapoa.
Kukopa arusi, kulipa matanga, tuliambiwa,
nami nilidhani ni maneno ya kuwatisha wenye madeni.
Kumbe arusi ilikuwepo kweli, na bwana arusi,
na matanga yamefanyika mwezi jana huko Partick
kwa mikate midogo na kahawa.
Jumamosi ile walicheza nini?
Nani alitumwa barabarani
kusikilizia pikipiki ya mhandisi?

Megabaiti mia tatu na kumi na mbili. Imehifadhiwa.
Kati ya albamu elfu nne na mia sita
nilizozirundika humu, kwenye kisanduku kidogo kuliko Msahafu,
hii ndiyo siwezi kuiita yangu.
Pale penye Maoni nimeandika jina la Eliasa
kwa herufi kubwa, na tarehe ya leo,
kisha nikatazama kalenda ukutani.

Alhamisi.
Bado siku mbili.