Kuponi

Sanduku lililetwa Jumanne, mvua ikinyesha,
dukani kwetu Bradford, tunakouza vya marehemu.
"Ya shangazi," mpwa alisema. "Annis Holroyd. Tisini na sita."
Akaondoka kabla sijampa pole.

Juu kabisa, magazeti ya mwaka thelathini na nne.
Ukurasa wa ishirini na moja: Ledi Verena Strathmoyle
ameketi upande, shingo ndefu kama ya birika la fedha,
lulu safu tatu, macho hayamtazami mtu.
*Kila usiku Ledi Verena huikabidhi ngozi yake
kwa krimu hii, na hii peke yake.*
Huikabidhi! Kama funguo za hazina.
Halafu kwa herufi ndogo, sauti ya mtu anayenong'ona mlangoni:
*Nawe pia waweza. Tuma stempu za peni tatu.*

Pembeni, chini, pana tundu la mraba.
Kuponi ilikatwa kwa mkasi, taratibu, bila kuchanika.
Ukichungulia tunduni unaona ukurasa wa nyuma:
nusu ya tangazo la makaa, bei kwa gunia.

Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.
Lakini maji ndiyo yalikuwa kazi ya Annis.
Kuna picha: wasichana tisa mbele ya kiwanda cha sufu,
aproni zimelowa, mikono imekunjwa hadi viwikoni,
na nyuma yake, kwa penseli:
*Mimi wa tatu. Wote tunanuka kondoo.*

Walikuwa wakiosha sufu katika mabeseni ya maji moto,
mafuta yakielea juu kama tui lililokatika.
Mafuta yale hayakumwagwa.
Yalienguliwa, yakachujwa, yakatiwa mapipani,
yakapanda treni kwenda London
yakachanganywa na waridi,
yakavishwa kifuniko cha dhahabu isiyo dhahabu
na jina la Kifaransa asiloweza kulitamka mtu wa huku.
Kisha yakarudi kwa posta, kijikopo kisichozidi kifungo cha koti,
kwa yule yule aliyeyatoa kwenye manyoya.

Sijui kama alijua.
Sijui kama alicheka, au alikaa kitandani
na kioo cha mkononi, akigeuza shingo
upande ule ule wa Ledi Verena.
Huyo naye, nani ajuaye? Huenda lulu zilikuwa za kuazima,
huenda paa la jumba lilivuja
na uso ndicho kitu cha mwisho alichobaki nacho cha kunadi.

Kijikopo kilikuwa chini kabisa, ndani ya soksi.
Bado kimejaa. Krimu imegeuka manjano, siagi ya zamani,
na katikati shimo dogo la kidole kimoja,
mara moja tu, na hakurudia.

Nilikinusa kabla ya kubandika bei.
Waridi lilishaondoka zamani.
Kondoo bado yupo.