Mguu kutoka Ndanda

Ulifika Newala kwa bodaboda, umeviringishwa gazeti,
mguu wa nguruwe uliokaa siku tisa juu ya moshi wa mkorosho,
mweusi kwa nje kama mlango wa jiko la zamani.
Kaka Burkadi hakuandika barua. Alipiga simu:
"Mpikie mama. Usiukaange. Ukiukaanga tumegombana."

Mama hana meno tangu Kwaresima ya mwaka juzi.
Anasema nyama siku hizi anaila kwa pua.

Basi nikakitoa kabatini chungu cha umeme,
zawadi ya Sigfrida, mwanangu wa Dodoma,
chenye kitufe kimoja na maandishi ya Kichina,
ambacho kwa miezi saba kilikuwa nyumba ya vitunguu.
Nikaosha mbaazi za mwaka huu, bado zinanukia shamba.
Ming'oko, viganja viwili. Karoti moja iliyozeeka.
Vitunguu navyo, vilivyofukuzwa kwao
kisha vikarudishwa kwao, vimemenywa.
Maji niliyapima kwa kikombe. Sisi wa huku juu
tumekua tukijua kila tone lilipanda mlima
kichwani mwa mtu,
na mtu huyo alikuwa mama.

Kabla mguu haujagusa chochote
nilitenga mbaazi za Bi Somoe wa nyumba ya pili,
sufuria yake, mkaa wake, mwiko wake
wenye uzi mwekundu shingoni.
Hajawahi kuniomba. Sijawahi kumweleza.
Mwezi wa Ramadhani uji wake hunifikia ukiwa bado unatokota,
na siku ya Krismasi ni yeye anayenishikia kuku.

Nikabonyeza kitufe. Kitaa chekundu kikafumbua jicho.
Saa moja, saa mbili, nyumba ikaanza kunukia
kitu ambacho si moshi na si nyama,
kitu cha katikati, kama jina la mtu ulimi unalitafuta.

Saa tatu na robo umeme ukakatika.

Mwezi wa saba Newala ukungu huingia ndani bila hodi.
Nilisimama gizani nimeshika kifuniko,
nikaitukana nguzo, nikautukana waya,
nikamtukana kidogo na Sigfrida.
Sauti ikatoka chumbani:
"Kifunike."
"Nimeshakifunika, mama."
"Sikusema kifuniko. *Mfunike.*"

Nikanyamaza. Nikasikia kitanda kinalia, miguu inaburuta,
mama akatokea na blanketi la kijivu,
lile alilopewa alipoacha kazi jikoni hospitali,
miaka ishirini na sita ya kumenya viazi vya wagonjwa.
Akakiviringisha chungu mara tatu, akakikaza kwa kanga,
akakilaza ndani ya tenga, akashindilia pumba za mpunga
pembeni, pembeni, kama anayemsokomeza mtoto mwenye homa.
"Masista walikuwa hawana umeme," akasema.
"Tukizika sufuria jioni, tunasali, tunalala.
Moto ukishaingia chakulani hauhitaji kusimamiwa."
Kisha akarudi kulala na shuka moja tu.
Nikampelekea koti langu. Akalikataa. Akalichukua.

Alfajiri nikafungua.
Mvuke ukanipiga usoni bila adabu.
Nyama ilikuwa imeuacha mfupa
kama mgeni anayeaga mapema, bila kinyongo,
na mbaazi zimepasuka, na ming'oko imekubali yote.

Nikamjazia bakuli. Akavuta kijiko cha kwanza,
akafumba macho muda mrefu mpaka nikaogopa.
"Chumvi," akasema.
"Imepungua?"
"Burkadi huyu ametia chumvi kama anakausha papa."
Akasogeza bakuli liongezwe.
Akaongezwa mara tatu.

Saa nane mchana umeme ukarudi.
Kitaa chekundu kikawaka, kikaanza kazi kwa bidii zote,
kikiuchemsha mfupa mtupu.
Blanketi limeanikwa uani, linanuka Ndanda.
Nilitaka kulifua.
Mama amenikatalia.